Kujitolea Lubumbashi ukiwa nesi wa Bongo: chunga Kiswahili chako

Mdau kauliza, yeye ni nesi wa diploma, kapata nafasi ya kujitolea Lubumbashi, kule Kongo (DRC), miezi sita, Kifaransa hajui ila anasikia kule wanaongea Kiswahili, je atatoboa? Mimi nimekaa kule miezi minane kwenye kituo cha afya kidogo, natokea Mbeya. Utatoboa, ila hicho Kiswahili unachokitegemea ndo kitakachokuangusha kwanza.

Wiki ya kwanza utafurahi maana kila mtu utamsikia. Mutoto iko na homa, unaelewa, sombe unaelewa ni kisamvu, bukari ni ugali, basi unajiona mwenyeji. Mimi wiki ya pili akaja mama mmoja akaniambia "tumbo inanilumaka", nikaandika maumivu ya tumbo, nikauliza kuhara, kutapika, hamna, nikawa nampanga kwa dawa ya maumivu aende zake. Titileri (ndo wanamuita hivyo nesi mkuu wa kituo) akasogea akamuuliza "mama, inakuluma ao inakulumaka?" Mama akasema inanilumaka, tangu mwezi ya tatu. Kumbe hako ka-"ka" ka mwishoni maana yake ni jambo la kila mara, la kujirudia! Sisi tungesema "huwa linaniuma". Mama wa watu alikuwa anajinunulia diklofenaki (dawa ya maumivu) dukani miezi yote hiyo na tumbo limeshachubuka, na mimi nilikuwa namuongezea ileile. Niliona aibu aisee, kwasababu Kifaransa nisingeelewa ningeuliza, ila hapa nilidhani nimeelewa. Tangu siku hiyo nikawa na daftari, na kila mgonjwa namrudishia maneno yake, "unasema inakulumaka, siku zote?", wanacheka lakini wanakurekebisha vizuri tu.

Kifaransa nacho kipo, usidanganyike. Fishi ya mgonjwa (kadi yake ya matibabu) yote ni Kifaransa, raundi ya asubuhi wanaita turu de sali na inaenda Kifaransa, halafu hata mtu anayeongea Kiswahili mwanzo mwisho akifika kwenye namba anarukia Kifaransa, umri, bei, tarehe, vidonge vingapi. Kwahiyo kama huna muda wa kusoma lugha yote, soma namba kwanza, na ukisoma na mwalimu wa hapa Dar mwambie akufundishe za Kibelgiji, maana sabini kule ni septanti na tisini ni nonanti, zile hesabu za Wafaransa za sitini-na-kumi hutazisikia.

Na vipimo ndo mtego mwingine. Presha utakuta imeandikwa 17/10, usishangae, ni 170/100 hiyohiyo. Sukari wanaandika kwa miligramu kwa desilita, mimi nilikuta 126 kwenye fishi moyo ukapiga paa, nimezoea milimoli kwa lita za huku. Gawanya kwa 18 utapata 7. Bandika hiyo kwenye kava la daftari kabisa.

Maisha ya kawaida mepesi. Saa zao ziko nyuma saa moja, siku ya kwanza nimefika kazini mlinzi bado kalala. Nilipanga chumba kata inayoitwa Kenya, nikamwambia mama kwenye simu niko Kenya, akaanza kulia kwamba nimepotea njia. Mwezi wa sita na wa saba usiku ni baridi, mtu wa Dar beba sweta. Dola zinatumika kila mahali lakini noti ziwe safi, nilikuwa na ya 50 imechanika pembeni kama punje ya mchele, nimezunguka nayo wiki nzima inakataliwa, na za dola moja watu wengi hawazitaki. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano iwe mkononi pale Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo, sio ndani ya begi chini ya nguo. Msalimie kila mtu, papa kwa wanaume wazima na mama kwa wanawake, ukipita kimya umeshaonekana una dharau.

Kitu ambacho sikukiweza mpaka naondoka ni hela. Ndugu wa mgonjwa ndo wananunua glovu, sindano, dripu, na wakisikia umetoka nje wanaamini unazo, hawaelewi kujitolea maana yake hulipwi. Nimetoa mfukoni mara tatu, mara ya nne wakaja wodi nzima. Titileri akaniambia kama nataka kusaidia niweke kwenye sanduku la kituo yeye agawe, nikafanya hivyo, lakini kumuangalia bibi machoni ukamwambia nenda kwa titileri... sijui wewe utaweza vipi.

Safari ikiiva nicheki inbox, nikupigie picha zile kurasa za daftari, ni kama ishirini hivi na nyingi zina madoa ya iodini.