Modeli haifuti michoro ya mkataba

Ndugu, umeuliza kama modeli ya kompyuta, yaani jengo zima lililochorwa kwa pande tatu kwenye kompyuta, hufuta michoro ya mkataba. Hapana, haishindi michoro iliyotiwa sahihi, ila mkataba useme hivyo. Andikeni mapema kipi kina nguvu vikitofautiana. Kinachopunguza ugomvi ni kwamba bomba likipita katikati ya bimu (boriti ya zege), programu ya modeli huonyesha kabla zege halijamwagwa. Nasimamia ujenzi hapa Malindi, na kubomoa na kurudia ndiko kunakogombanisha mwenye nyumba na kontrakta. Kiwango cha ISO 19650 cha 2018, kile cha kimataifa cha kusimamia taarifa za ujenzi, kinataka pia kila faili ijulikane ni toleo lipi, fundi asije akajengea mchoro wa zamani. Ila nyumba kongwe za Lamu, hizi za matumbawe, zipimeni kwanza. Kuta zake hazijanyooka, na modeli ya kukisia huzua mzozo mpya.