Kabla ya kuuliza bei, uliza nani anashika bisibisi

Mkuu, pole. Kwa wanaoingia sasa: jamaa anapiga picha za harusi Moshi, lenzi yake iligoma, akaipeleka duka moja Arusha mjini, akaacha kianzio, na huu ni mwezi wa tatu anaambiwa "spea iko njiani". Anauliza aendelee kusubiri, aende polisi, au asamehe anunue nyingine.

Usinunue nyingine kwanza. Nakujibu kwa yaliyonikuta, maana dalili ulizozieleza ndizo hizohizo zilizonitesa mimi.

Kazi yangu ni kuendesha watalii. Nikiwa mjini napiga harusi na picha za kambi na hoteli. Lenzi yenyewe niliipata kwa mgeni aliyekuwa anarudi kwao baada ya safari, na madereva wengi wa Arusha wanajua vifaa vyetu vinapatikana hivyo. Hata ikiwa mtumba, ni hela ya kununulia bodaboda iliyotumika, kwa hiyo sio kitu cha kuacha kwa mtu na kusahau.

Ugonjwa ulikuwa huu. Ukipiga apecha, yaani tundu la lenzi linalopitisha mwanga, ikiwa wazi kabisa, f/4, picha inatoka safi. Ukiiminya iwe ndogo mpaka f/8 kamera inaganda na kuandika kwamba haiwasiliani na lenzi. Unazima, unachomoa betri, unarudisha, unapiga f/4, inakubali kama vile hakuna kilichotokea. Sababu yake sio uchawi. Lenzi nyingi za kamera za kubadilisha lenzi huiacha apecha wazi muda wote unaotazama, na visu vyake, vile vipande vyembamba vinavyoizunguka, hujifunga pale tu unapobonyeza kitufe. Kwa f/4 visu havina haja ya kusogea. Kwa f/8 lazima visogee, na amri ya kuvisogeza hupita kwenye fleksi, ule ukanda mwembamba wa waya ambao mafundi simu wanaujua vizuri. Kwenye lenzi ya zumu, ile ya kuvuta picha karibu, fleksi hujikunja na kujikunjua kila unapovuta. Miaka ikipita inapasuka, mara nyingi mpasuko usioonekana kwa macho. Ndio maana lenzi inaweza kufanya kazi ukiivuta na kugoma ukiirudisha.

Nimekueleza haya kwa sababu moja. Ukijua ugonjwa unaanzia wapi, utajua kama waliopokea lenzi yako wameifungua kweli au wanakuimbia.

Mimi niliimbiwa. Duka lina kiyoyozi, vioo, stika za kampuni zote za kamera mlangoni, na bango la "Tunatengeneza". Dada wa kaunta alinikaribisha vizuri, akachukua lenzi, akaandika kwenye karatasi: "Lenzi 1, mbovu." Basi. Nikamwomba aongeze aina yake na ile namba ya utambulisho iliyochapwa kwenye mwili wa lenzi. Akasema kitabu chao hakina sehemu ya kuandika hayo. Nikaipiga picha palepale juu ya kaunta yao, namba ikionekana na karatasi yao pembeni, nikamtumia kwenye WhatsApp ili ibaki kwenye maongezi yetu. Hiyo picha ndiyo iliyokuja kuniokoa.

Baada ya siku kadhaa nikapigiwa: fundi ameicheki, ni mota ya fokasi, lete kianzio spea iagizwe. Mota ya fokasi? Lenzi ilikuwa inafokasi vizuri mpaka sekunde ya kubonyeza. Nikaomba kuongea na fundi mwenyewe dakika mbili tu. Nikajibiwa, "Kaka, fundi huwa haongei na wateja."

Kwa maoni yangu hilo jibu ni baya kuliko ucheleweshaji wote uliofuata. Spea kuchelewa kunaeleweka. Sisi hatuna viwanda vya hivi vitu, kitu kinatoka China au Japani, kinapita mikono mingi. Lakini fundi asiyeweza kusema kwa mdomo wake alichokiona ndani ya kifaa, mara nyingi hajakiona. Nikasema silipi kitu kwa ajili ya mota, waandike kwanza makadirio yao. Makadirio hayakuja. Kilichokuja ni tiki mbili za bluu. Juni ikaingia, wageni wakaanza kumiminika, harusi nazo zikaanza, nami nikawa nakodi lenzi ya mwenzangu kila wikiendi.

Nilipochoka niliacha kuuliza "itakuwa tayari lini". Hilo swali wamelizoea, lina jibu lake tayari: wiki ijayo. Nikaenda dukani nikauliza: "Lenzi yangu muda huu iko wapi? Naomba kuiona." Dada akaangalia chini. Kijana wa stoo, ambaye nadhani hakuna aliyemwambia anyamaze, akasema, "Hiyo si ilipanda basi kwenda Dar, kaka?"

Kumbe duka halina fundi wa lenzi. Ni mapokezi tu. Vifaa vinafungwa kwenye boksi, vinapanda basi, vinapokelewa na mtu, huyo mtu anampelekea fundi mwingine ambaye hana uhusiano wowote na wewe wala na lile bango. Kila mkono unaongeza chake juu ya bei, na hakuna mkono wenye jibu. Dada wa kaunta anatukanwa kila siku kwa habari ambazo yeye mwenyewe hapewi. Simlaumu sana yeye. Namlaumu mwenye duka aliyetundika "Tunatengeneza" huku akijua anachofanya ni kusafirisha. Kusafirisha sio dhambi, lakini sema. Ningeambiwa siku ya kwanza kwamba inakwenda Dar, kwamba kucheki ni shilingi kadhaa na kwamba huenda isipone, ningeweza kuamua.

Nikadai namba ya kifurushi cha basi. Hapo ndipo mambo yalipoanza kusogea, kwa sababu namba ya kifurushi ama ipo ama haipo. Lenzi ikarudi Arusha, na niliifungulia palepale kaunta mbele yao.

Angalia sehemu hii kwa makini lenzi yako itakaporudi. Mgongoni, pale inapokutana na bodi ya kamera, kuna skrubu ndogo. Zangu vichwa vilikuwa vimeliwa, na moja haikuwepo. Skrubu za kamera za Kijapani zinaonekana kama za nyota za kawaida lakini mchongo wake ni wa kiwango cha kwao. Bisibisi ya nyota ya kawaida haikai sawasawa, inateleza na kutafuna kichwa. Fundi wa lenzi anajua hilo na ana bisibisi zake. Pili, kama lenzi yako ni ya daraja la kuzuia vumbi, kunakuwa na kimpira chembamba kinachozunguka ukingo. Changu hakikurudi. Kwako wa harusi inaweza isiwe shida kubwa, lakini kwangu mimi, vumbi la Ndutu na Olbalbal, kule Ngorongoro, ni laini kama unga wa sembe na linaingia kila mahali. Tatu, lenzi ilikuwa bado inagoma kwenye f/8. Na bado waliniomba "hela ya usumbufu" kabla ya kunikabidhi. Nikawaonyesha ile picha ya siku ya kwanza, yenye skrubu zote na kimpira mahali pake. Hiyo hela hawakuitaja tena.

Aliyeitengeneza ni kijana wa Kaloleni anayetengeneza simu. Alisema wazi kwamba lenzi hajafungua nyingi. Akafungua mbele yangu, anapiga picha kila hatua, skrubu anazipanga juu ya karatasi kwa mzunguko uleule alivyozitoa. Akanionyesha mpasuko kwenye fleksi chini ya kioo cha kukuzia. "Hii nikiipata nitajaribu. Nisipoweza utaichukua kama ilivyo, utanilipa ya kufungua tu." Bei ya kufungua akaitaja kabla hajagusa bisibisi. Fleksi tuliagiza mtandaoni, ikachukua muda mrefu kweli, lakini alikuwa ananitumia ujumbe hata pale ambapo hakukuwa na jipya. Ikapona. Kimpira hakupata, kwa hiyo hiyo lenzi sasa ni ya harusi tu, porini siendi nayo. Simaanishi kila mtu akimbilie fundi simu, wapo watakaokuulia kifaa ndani ya nusu saa. Namaanisha huyu alijua mipaka yake na akaitaja.

Sasa maswali yako.

Polisi: watakusikiliza halafu wataona ni mgogoro wa makubaliano, watakwambia hilo ni la madai. Labda duka likane kwamba halikupokea lenzi, au ijulikane imeuzwa, hapo inakuwa habari nyingine. La madai linaenda Mahakama ya Mwanzo, na huhitaji wakili kufungua. Ipo pia Tume ya Ushindani, FCC, iliyoanzishwa kwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, ambayo kumlinda mlaji ni sehemu ya kazi yake. Lakini kabla ya huko kote waandikie barua, kopi moja waisaini kwamba wameipokea.

Wakikutisha kwamba watashikilia lenzi mpaka umalizie malipo: Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inampa fundi haki ya kushikilia kifaa mpaka alipwe kazi aliyoifanya. Aliyoifanya. Wewe hujafanyiwa kazi. Na sheria hiyohiyo inamtaka anayekabidhiwa mali ya mtu aitunze kama mtu makini anavyotunza ya kwake. Yale maandishi madogo chini ya karatasi, "hatutahusika na kifaa kitakachokaa zaidi ya siku 90", yasikukoseshe usingizi kama wao ndio waliokichelewesha.

Kianzio ulichotoa, ulipewa risiti ya EFD, ile ya mashine ya kielektroniki ya kodi? Kama hukupewa, idai leo, hata kabla ya barua. Mnakumbuka lile tangazo la TRA, Mamlaka ya Mapato, "ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti". Duka likijua unataka risiti halali huwa linakumbuka ghafla na namba ya simu ya bosi.

Nimeona mchangiaji wa juu anakushauri Nairobi. Ni wazo zuri, mafundi wazuri wapo. Ila ukipita Namanga tangaza kifaa forodhani wakati wa kutoka, namba yake ya utambulisho iandikwe, la sivyo wakati wa kurudi utaonekana umeingiza mzigo mpya. Na kama ni matengenezo ya kupanga mwenyewe, fanya Aprili au Mei wakati wa masika, kazi zikiwa chache. Ukipeleka Juni utakuwa na haraka, na mwenye haraka anakubali lolote.

Barua iwe fupi: tarehe uliyokabidhi, aina ya lenzi na namba yake, kianzio ulicholipa. Halafu maswali matatu: lenzi iko wapi leo, nani ameifungua, na spea imeagizwa kwa namba gani ya oda. Wape siku saba, na useme zikipita bila majibu unataka lenzi na kianzio chako, itengenezwe au isitengenezwe. Wakikwambia imesafirishwa, omba namba ya kifurushi na jina la mji. Ukiipata rudi hapa useme ni mji gani. Kama ni Dar, kuna wadau humu wanaozunguka Kariakoo kila siku, mmoja anaweza kupita kuulizia.