Mtungi wa mwembe uliopasuka na kilele kilichokatika: jibu kwa ndugu wa Ujiji

Mkuu, maelezo yako nimeyasoma mara mbili. Umekereza mtungi wa pambo wa mwembe, yaani umeuchonga ukizunguka kwenye mashine, ukaukomba vizuri kwa ndani, siku ya tatu ukapasuka kuanzia mdomoni hadi karibu na kitako. Halafu kilele cha kizibo, ile ncha ya urembo inayosimama juu yake, kimekukatikia mara mbili, zote mbili shingoni, na mwishoni unasema utamalizia kwa kupaka mawese. Wadau waliotangulia wamekwambia mkono wako bado mchanga. Mimi nakataa. Mwenye mkono mchanga hafiki kwenye kilele, anakwama huko nyuma akiwa bado anahangaika na tumbo. Kilichokuangusha ni mbao mbichi, na pia umeanzia kazi mahali ilipopaswa kuishia.

Mimi niko Tabora, Isevya. Kinachonilisha ni miguu ya vitanda na nguzo za makochi, mninga mtupu, kazi ya kurudia mpaka unaota usiku. Mitungi ni mchezo wangu wa Jumapili tangu 2016. Niliyoiharibu ni mingi kuliko niliyouza, kwa hiyo haya nayasema nikiwa nimeyalipia.

Tuanze na mwembe wako. Ni mbao nzuri, ina mistari, inakerezeka, na ukubali usikubali ndiyo inayopatikana kwa bei ya maelewano pale mtu anapoangusha mti uani. Miembe ya Ujiji na ya kwetu Tabora inasimuliwa kuwa ya tangu zama za misafara, kwa hiyo magogo manene hayatuishii. Ila ukiukata leo umebeba maji mengi, na yale maji yakitoka mbao inasinyaa. Tena haisinyai sawasawa: kufuata zile duara za mti inasinyaa karibu mara mbili ya inavyosinyaa kutoka moyoni kwenda kwenye gome. Sasa wewe ulichukua gogo zima la duara, moyo wa mti ukabaki katikati ya mtungi. Hujaandika hivyo, lakini ufa ulioanzia mdomoni na kushuka wima unanitosha. Gogo la namna hiyo lazima lipasuke mahali fulani, hata ulikereze kwa ustadi gani.

Dawa yake: gogo likiwa bichi, lipasue katikati kwa msumeno, mpasuo upite kwenye moyo. Kisha toa vidole viwili kila upande wa ule moyo, tupa au upikie. Mtungi utoke kwenye kipande kilichobaki. Utapata mtungi mdogo kuliko ulivyotaka, na ndiyo bei yake.

Halafu usiumalize siku hiyo. Huu ndio mpangilio ninaousema. Kereza kwa nje, komba kwa ndani, lakini acha ukuta mnene, kama sehemu moja ya kumi ya upana wake. Mtungi wa sentimita 18 uache ukuta wa sentimita 2 hivi. Paka nta ya nyuki pale ambapo nyuzi za mbao zimekatwa kwa kukingama, maana huko ndiko maji hukimbilia kutoka. Uzike kwenye kiroba kilichojaa maranda yake mwenyewe, weka chumba kisicho na upepo. Mimi kila Jumamosi naupeleka kwenye mizani ya duka la jirani na kuandika uzito kwa penseli kwenye kitako. Mwenye duka alinicheka miezi miwili, sasa ananidai uzito nikichelewa. Siku uzito ukigoma kushuka kwa wiki tatu mfululizo, mtungi umekauka. Mwembe ulionenepa hivyo umewahi kunichukua miezi minne wakati wa kiangazi. Ukiutoa utaukuta umekuwa yai, si duara tena. Usishtuke, ndiyo maana uliuachia unene: unaurudisha kwenye mashine na kuukereza upya, na sasa hautoki tena kwenye umbo.

Mninga ni habari nyingine. Hausinyai kiasi hicho, na ukipata kipande kilichokaa karakana mwaka mzima unaweza kumaliza kazi wiki moja. Ndiyo maana vitanda vyetu havilii usiku. Lakini nunua wenye alama ya nyundo ya watu wa misitu na hati ya kusafirishia. Mabaki ya karakana yenye leseni yanatosha kabisa kwa mitungi, huna haja ya kuangusha mninga mzima kwa ajili ya pambo. Na ule unga wake mwekundu unabana kifua. Vaa barakoa, si leso.

Mashine sitaisema sana. Yangu imeundwa kwa kuchomelea vyuma, mota ya nguvu farasi moja, puli tatu, beringi za gari. Kwa mtungi wa sentimita 18 nakwenda mizunguko 800 hadi 1,100 kwa dakika, naanzia chini zaidi gogo likiwa bado halijawa duara. Jambo moja tu nasisitiza: swichi. Nilikuwa nimezama ndani ya mtungi, umeme ukakatika. Nikaacha chuma mle ndani kimeegemea, nikaenda kunywa maji. Umeme ukarudi, mashine ikajiwasha yenyewe. Kile chuma kilipigwa kikageuka mara moja, kikaubomoa mtungi vipande vitatu, kimoja kikaninyoa sikio. Tangu siku hiyo nina swichi ambayo umeme ukikatika nayo inajizima, mpaka uibonyeze kwa mkono. Wewe huna? Basi umeme ukikatika, kabla ya kitu chochote, zima ukutani.

Na usikombe kwa tupa iliyochakaa iliyonolewa. Najua kila mtu anafanya, na mimi nilifanya. Tupa ni chuma kigumu kisichopinda, kikinasa ndani kinakatika kama kioo. Kipande cha yangu bado kimechoma bati la karakana, nimekiacha pale makusudi vijana wakione. Tafuta nondo nene ya milimita 16, ndefu kama mkono wako mzima, fundi wa kuchomelea akupindie mbele kidogo na kukufungia ncha ndogo ya chuma cha biti ya kekee. Mpini uwe mrefu, ukae chini ya kwapa. Ncha ndani ya mtungi iwe juu ya katikati kwa unywele tu: ikinasa na kusukumwa chini, inaangukia kwenye nafasi, haichimbi ukuta.

Sasa kukomba kwenyewe. Kwanza toboa shimo la katikati kwa kekee, na funga solotepu kwenye biti ikuonyeshe mahali pa kuishia, sentimita moja na nusu kabla ya kitako. Niliwahi kuruka hatua hii kwa kujiamini, nikapata faneli. Baada ya hapo unapanua kutoka shimoni kwenda ukutani, na hapa sikiliza vizuri: maliza juu kabla hujashuka. Chukua sentimita tatu za kwanza chini ya mdomo, zikombe mpaka unene wako wa mwisho, milimita 6, zilainishe, ndipo ushuke sentimita tatu nyingine. Usirudi juu tena. Ukuta mwembamba ambao chini yake kuna mbao nene umetulia. Ukishakomba mpaka kitako ndipo ukumbuke kupunguza mdomoni, ukuta unatetemeka, ncha inadunda, na mtungi unapasukia mkononi.

Ndani huoni kitu, tuambizane ukweli. Simamisha mashine kila baada ya dakika mbili, mwaga maranda, maana yakijaa yanaibana ncha. Unene upime kwa waya mgumu uliokunjwa kama herufi C, ncha zake mbili zikiachana milimita 10. Ingiza ncha moja iguse ukuta kwa ndani, tazama mwanga kati ya ncha ya nje na mbao. Mwanga ukiwa milimita 4, ukuta wako ni 6. Ukishazoea, sikio nalo litakusaidia: mkwaruzo wa ukuta mnene na wa ukuta mwembamba si sauti moja. Mimi huzima redio nikifika hapo, na wateja wanajua siitiki.

Mdomo usiubane sana eti ndiyo ufundi. Uache sentimita 4 upate nafasi ya kufanya kazi, halafu kereza pete ya mpingo uivishe pale. Mdomo utaonekana mdogo, na kile kizibo chenye kilele kitakalia kitu kigumu kisicholika. Hakuna anayejua siri hiyo isipokuwa wewe na mimi.

Kilele. Umesema cha kwanza ulikikereza kwa mwembe huohuo, cha pili kwa mninga, na vyote ulianzia kwenye ulimi unaoingia kwenye kizibo, ukaenda ukipunguza mpaka nchani. Ndiyo sababu ya yote mawili. Ulipofika nchani, shingo ulikuwa umeshaikonda, na nguvu yote ya patasi ikaishia hapo kwenye shingo. Geuza. Kipande chako kibane upande wa ulimi, nyuzi zikienda kwa urefu wake, zisiende kwa kukatiza. Anza na ncha ya mwisho kabisa, ile ya juu. Ikereze, ilainishe kwa msasa 240 na 400 hapohapo, uiage. Kisha punje inayofuata, yaani ule uvimbe wa duara, kisha shingo, kila kituo ukimaliza na msasa kabla ya kushuka. Ulimi unakerezwa mwisho, mbao nene ikiwa nyuma yako muda wote. Ni jambo lilelile la mdomo na kitako, limelala tu. Vidole vya mkono wa kushoto viwe nyuma ya shingo, vinagusa bila kusukuma. Joto likizidi umeshasukuma. Mizunguko 2,000 na zaidi, patasi ikanolewe upya kabla ya shingo hata kama unaona bado inakata.

Na mbao iwe mpingo. Ni mzito mpaka unazama majini, nyuzi zake zimeshikana, shingo ya milimita 4 inasimama. Mninga usishuke chini ya 7. Mwembe usijaribu. Mpingo si lazima ununue gogo: mimi naletewa vipande vya kutupwa kutoka kwa wachongaji, urefu wa kidole, vinatosha.

Umbo ni ladha ya mtu, ila hiki kilele chako cha pili kwenye picha kina punje sita na vikombe vitatu, yaani vibonde vya kuzunguka, mkuu, huo ni mguu wa kitanda uliopungua uzito. Sisi tunaokereza samani tuna ugonjwa huo, mkono unajirudia wenyewe. Kwenye mtungi wa kimo cha sentimita 16, kilele cha sentimita 8 chenye punje moja, shingo ndefu na ncha kali kinatosha. Mstari wa bega la mtungi uupande kwa jicho mpaka kwenye ncha. Ukiona jicho linasimama njiani, hapo ndipo pa kupunguza.

Halafu mawese. Nimecheka kidogo, nisamehe. Mawese ya Kigoma ni matamu lakini hayakauki kwenye mbao, yatanasa vumbi na kuvunda, na mwembe wako utakuwa na rangi ya maharage. Tumia nta ya nyuki, tunayo tele huku. Yeyusha kwenye kopo lililo ndani ya sufuria ya maji ya moto, ondoa kabisa motoni ndipo uchanganye tapentaini, maana inashika moto upesi. Paka kwa kitambaa mtungi ukizunguka polepole, na kitambaa usikizungushe kidoleni.

Ule uliopasuka usiutupe. Uache upasuke mpaka uchoke, miezi mitatu hivi. Kisha toboa vitundu vidogo pande zote mbili za ufa, uushone kwa waya mwembamba wa shaba, kama bibi zetu walivyoshona vibuyu. Mimi wangu wa kwanza uko hivyo, umekaa dirishani, na kila mteja anayeingia anaulizia huo kwanza.