Nembo mbili kwenye kioo kimoja: kituo cha mjini kibaki vipi na sura yake

Mtu aliyeketi kwa kinyozi Mbagala akisubiri zamu yake haulizi kipindi kilicho kwenye runinga kimetengenezwa na nani. Anainua macho, anaona nembo ya kona, anasoma jina la anayezungumza, anarudi kwenye simu. Sauti mara nyingi imepunguzwa. Kituo kinachojiunga na kingine kwa habari, michezo au tamthilia kina sekunde hizo chache za kujulikana ni nani. Zikipita bure, sifa yote inakwenda kwa kituo mama.

Ushauri huu ni kwa vituo vya aina hiyo: kituo cha mkoa kinachochukua taarifa ya habari kutoka Dar es Salaam, kituo cha jiji kinachojiunga na idhaa ya Kiswahili iliyo nje ya nchi, au kituo kipya ndani ya kampuni yenye vituo vitatu au vinne. Wengi hukimbilia kuchora nembo. Kazi inaanzia kwenye jina.

Jina, na kwa nini namba haitufai

Marekani ndiko jambo hili lilikofanyiwa kazi kwa muda mrefu zaidi, kwa kuwa vituo vya huko kwa kawaida ni vya mji mmoja, na kila kimoja hupokea vipindi vya jioni kutoka ABC, CBS, NBC au Fox. Kanuni za FCC, mamlaka ya mawasiliano ya huko, zinakitaka kituo kitaje herufi zake za leseni (kama WXYZ) na, mara baada ya hizo, mji wake, kila saa karibu na mwanzo wa saa. Juu ya sharti hilo kituo hujijengea jina kwa vitu vitatu: kituo mama, namba ya chaneli na mji. NBC 4 New York ina vyote vitatu. Vituo vya ABC vya New York, Los Angeles, Chicago na San Francisco vyote viko chaneli 7, na vyote hutumia duara lenye tarakimu 7 lililochorwa na G. Dean Smith mwaka 1962. WXYZ ya Detroit iliuzwa na ABC katika miaka ya 1980 lakini ikabaki na duara hilo, maana watu wa mji walikwisha kulizoea.

Usiige namba hiyo hapa. Marekani ilipozima analojia tarehe 12 Juni 2009, mfumo wao wa dijitali ulibeba namba ya zamani ndani ya mawimbi, hivyo runinga ikaendelea kuonyesha 7 hata pale masafa yalipobadilika. Dar es Salaam analojia ilizimwa tarehe 31 Desemba 2012, na tangu hapo namba ya chaneli hupangwa na kampuni ya king'amuzi. Chaneli ileile ina namba moja Azam, nyingine StarTimes, nyingine DStv, na upangaji ukibadilishwa namba nayo inahama. Ukiweka tarakimu ndani ya nembo, unamwelekeza mtazamaji mahali ambapo kesho huenda hupo.

Kwetu kilicho imara ni mahali na saa. "Saa 2 usiku" imekwisha kuwa jina la tabia ya watu: sahani zinaondolewa, watoto wanaambiwa wanyamaze. Ukiweza kumiliki saa moja tu kwa siku, kila siku bila kukosa dakika, una jina lenye nguvu kuliko nembo yoyote. Na usiandike 20:00 wala 8 PM kwenye promo. Kompyuta ya kurushia matangazo inasoma saa 24, lakini mtazamaji anasema saa 2, na grafiki imwandikie anavyosema.

Jina fupi la herufi tatu lina hatari yake. ITV iko Mikocheni na nyingine iko London; UTV iko Dar na nyingine iko Belfast. Kwenye runinga hazigongani, ila mtu akitafuta YouTube zinagongana. Ongeza nchi au mji kwenye jina la akaunti tangu siku ya kwanza. Hakikisha pia jina la kwenye kioo ni lile lililo kwenye leseni ya TCRA, kisha lisajili BRELA kama alama ya biashara na huduma, daraja la 38 kwa utangazaji na la 41 kwa vipindi. Zanzibar ina daftari lake, BPRA, na usajili wa Bara haukulindi huko.

Kuna onyo kutoka Uingereza. Tarehe 28 Oktoba 2002 ITV ya huko iliondoa majina kama Granada na Yorkshire kwenye utambulisho wa kila saa, ikawa ITV1; majina ya kanda yakabaki kutangulia vipindi vya kanda tu. Jina linaloonekana dakika chache kwa siku haliwezi kushindana na linaloonekana saa zote. Scottish TV ya Uskoti ilibaki na jina lake kutwa, mwaka 2006 ikalifupisha kuwa STV, na hadi leo Waskoti wanaijua kwa jina hilo.

Soma mkataba kabla ya kuchora

KRON ya San Francisco ilikuwa kituo cha NBC tangu ilipoanza. Ilipopata mmiliki mpya mwaka 2000, NBC ikatoa masharti mapya, likiwamo la kituo kujiita NBC 4. Hawakuelewana, na kuanzia tarehe 1 Januari 2002 vipindi vya NBC vikahamia KNTV. Jina la kwenye kioo ni suala la mkataba, na kituo mama kinajua thamani yake.

Kwa hiyo uliza mambo haya yakiwa bado mezani. Je, utapewa picha safi isiyo na nembo yao, au nembo imechomwa ndani ya picha? Unaruhusiwa kuweka mstari wa habari unaopita chini juu ya kipindi chao? Ni dakika ngapi kwa saa ni zako, na zinakaa wapi? Unaweza kukatiza kipindi kukiwa na dharura mjini? Hili la mwisho lipiganie sana. Mvua ya masika ikijaza maji Jangwani na Barabara ya Morogoro ikafungwa saa 12 asubuhi, kituo kinachoendelea na kipindi cha kituo mama kimeacha kuwa kituo cha Dar es Salaam asubuhi hiyo. Omba kwa maandishi walau haki ya kuweka maandishi chini bila kusubiri ruhusa ya simu.

Nembo ya kona

Picha ya HD ina pikseli 1920 kwa 1080. Mwongozo R 95 wa EBU, umoja wa watangazaji wa Ulaya, unataka maandishi na grafiki zibaki ndani ya asilimia 5 kila upande, yaani pikseli 96 kutoka kushoto na kulia, 54 kutoka juu na chini. Runinga nyingi za kibandani zimewekwa kukuza picha kidogo, na nembo iliyobanwa ukingoni hukatwa nusu. Kimo cha pikseli 90 hadi 120 kinatosha.

Halafu fikiria ubora wa chini. Bado kuna chaneli zinazofika nyumbani zikiwa 720 kwa 576. Kimo kinapungua hadi karibu nusu: herufi ya pikseli 40 inabaki 21, na mstari wa kulala wenye unene wa pikseli moja unaanza kupepesa kwa sababu picha huchorwa mistari ya shufwa na witiri kwa zamu. Mistari ya kulala iwe pikseli 4 au zaidi, na maandishi yoyote ya kusomwa yasipungue 40. Nembo yenye neno dogo "Tanzania" chini yake ndiyo huumia kwanza. Neno hilo likibaki ukungu, liondoe kwenye kona na uliache kwenye kitambulisho kamili, ile picha fupi inayotaja jina la kituo kati ya vipindi.

Nyeupe tupu inapotea juu ya kanzu za sala ya Idi na juu ya anga la mchana la Kigamboni. Weka kivuli chepesi au ukingo mweusi wa pikseli 2, na uzito wa rangi ya nembo (opacity) ubaki kati ya asilimia 70 na 85. Ukiona ukingo mchafu mweusi kuzunguka nembo, kosa liko kwenye alfa, yaani sehemu ya faili inayosema nembo ipitishe picha kiasi gani: faili lilitolewa likiwa limechanganywa na nyeusi, na mashine inalisoma kama ambalo halijachanganywa. Toa upya kwa mpangilio ambao mashine yako inautaka, kisha uwaandikie wachoraji wote mpangilio huo mmoja.

Nembo ya kituo mama ikiwa kona ya juu kulia, yako iwe juu kushoto. Kuifunika yao kwa boksi ni kuvunja mkataba, na machoni pa mtazamaji inafanana na picha ya wizi. Kabla ya kuamua kona, tazama chaneli yako kwenye kila king'amuzi unachopatikana, kwa kuwa baadhi ya maandishi huongezwa huko mbele.

Rangi za Dar zina wenyewe

Mchoraji aliyeko nje ya nchi hawezi kulijua hili. Kijani na njano pamoja husomeka Yanga, au CCM. Nyekundu na nyeupe ni Simba. Rangi za vyama vingine na za kampuni za simu nazo zimekaa vichwani. Mtazamaji akihisi upande kwenye rangi, atauhisi kwenye habari pia, hata ukiandika kwa haki kiasi gani, na mwaka wa uchaguzi hisia hiyo ni mzigo mzito. Ikibidi kutumia kijani, ioanishe na rangi isiyo njano. Na kama kituo mama kina bluu, usichague bluu nyingine iliyopauka kidogo. Kwenye kioo kidogo bluu mbili ni moja.

Kwenye picha za vitambulisho, Sanamu ya Askari na daraja la Kigamboni kutoka angani zimepigwa na kila mtu, na Kilimanjaro haionekani kutoka Dar. Kituo cha mji kipige kamera kwenye kimo cha macho: abiria wakishuka mwendokasi Kimara, wavuvi wakipanga samaki Feri alfajiri, daladala la Rangi Tatu. Ukilazimika kurusha droni, kibali cha TCAA kitangulie.

Kitu kingine ambacho vituo vingi hukipuuza ni kisanduku cha nembo kinachovalishwa maiki. Kwenye mkutano wa waandishi maiki kumi hupangwa mezani, na picha hiyo huonekana kwenye vituo vyote na kwenye simu za watu wote. Kiwe na nembo pande zote nne, herufi zijaze sehemu kubwa ya upande, na karatasi isiwe ya kung'aa, maana taa za kamera hufuta nembo. Weka viwili vya akiba kwenye kila gari.

Sauti na kujiunga

Waliokulia na Redio Tanzania Dar es Salaam wanazikumbuka ngoma zilizotangulia taarifa ya habari. Zilijulisha nyumba nzima, hata aliyekuwa uani. Tengeneza mlio wako wa sekunde 3, unaotambulika hata bila picha, uliorekodiwa na wanamuziki waliolipwa na kukusainia haki zote. Ala ya kwetu itautofautisha na mlio wa kituo mama haraka kuliko sinteza. Sauti ya vitu vyako vyote ipimwe LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti) 23 chini ya sifuri, kiwango cha EBU R 128, au kiwango chochote anachotumia kituo mama. Tangazo la mjini likipiga kelele mara tu baada ya kipindi chao tulivu, watu wanapunguza sauti na hawaipandishi tena.

Hapa kwenye kuingia na kutoka ndipo makosa hutokea kila siku. Usitumie saa ya ukutani kuhesabu. Picha ya setelaiti inachelewa sekunde kadhaa kwa sababu ya safari na ukandamizaji, na ya intaneti inachelewa zaidi, tena kwa kiasi kinachobadilika. Hesabu kutoka kwenye picha unayoipokea wewe, au tumia ishara ya kukatia iliyo ndani ya mawimbi kama kituo mama kinaituma. Andaa kitambulisho kwa urefu wa sekunde 3, 5 na 10, na sekunde 2 za mwisho za kila kimoja zibaki picha tulivu inayoweza kukatwa popote. Hivyo kipindi chao kikianza mapema, msomaji hamezwi salamu yake, na kikichelewa hakuna kiza. Mtangazaji wako aseme neno la kuingilia na la kutokea kwa sauti yake mwenyewe, kila mara maneno yaleyale, yakiwa na jina la kituo na mji.

Wanaojiunga na London wawe na tahadhari moja zaidi. Sisi hatubadilishi saa. Wao husogeza mbele Jumapili ya mwisho ya Machi na kurudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Kipindi cha moja kwa moja cha saa 12 jioni kwa saa ya London kinaingia Dar saa 3 usiku wakati wa baridi yao, na saa 2 usiku wakati wa kiangazi chao, juu kabisa ya taarifa yako ya habari. Promo ziwe na matoleo mawili yaliyokwisha kurekodiwa, na tarehe hizo mbili ziandikwe ukutani kwenye chumba cha kurushia matangazo, pamoja na jina la atakayebadilisha ratiba usiku wa Jumamosi.