Bomba Likiteleza, Liache Lianguke

Mpwa wangu amepata kazi ya utingo kwenye malori yanayobeba vyuma kutoka bandari ya Lamu. Alipokuja hapa Malindi kuniaga, macho yake hayakubanduka kwenye mkono wangu wa kushoto, ila aliona haya kuuliza. Nilimweleza yote bila kuulizwa, na wewe unayepanda lori kesho nakueleza vilevile.

Mwaka 2014 nilikuwa dereva wa trela, tukipeleka mabomba ya visima vya mafuta Lokichar, Turkana. Mafuta yalikuwa yamegunduliwa kule mwaka 2012, kazi imepamba moto, kila mtu anakimbizana na saa. Bomba moja la chuma la kuvika kisima, lenye urefu wa mita 12 hivi, linaweza kupita kilo 800. Siku ile tulikuwa tunashusha. Kreni ikainua bomba la juu, nikaona kabari ya lile la chini yake imekaa upande. Nikatia mkono kuinyoosha. Hakuna aliyenituma. Bomba likabingirika kiasi cha upana wa kiganja tu, likatua, na vidole vyangu viwili vimo kati yake na ubao. Maumivu yalichelewa. Nilichotangulia kusikia ni mlio, kama kijiti kibichi kinapovunjwa.

Kidole cha pete kilikuwa na pete ya fedha yenye jiwe la akiki, niliyoachiwa na babu. Kidole kilivimba pete ikiwa ndani, na njia ya kwenda hospitali Lodwar ilikuwa mashimo matupu. Ilikuja kukatwa kwa koleo tumeshafika, nyama chini yake imekuwa nyeusi. Kwa hiyo pete ivue nyumbani kabla hujatoka, hata kama ni ya ndoa. Na ukiumia mkono, ivue papo hapo kabla uvimbe haujaanza.

Mkono una tabia ya kutangulia akili. Kikombe kikiteleza mezani unakidaka kabla hujafikiri, na kwenye trela ni mkono uleule. Hii ndiyo tabia ya kuivunja: mzigo ukihama, rudi nyuma na uache uanguke. Bomba lililopinda litanunuliwa jingine. Kabari isogezwe kwa fimbo, mzigo uliotundikwa uongozwe kwa kamba, na opereta wa kreni apokee ishara za mtu mmoja tu, ila ishara ya kusimamisha anaweza kuitoa yeyote. Glavu vaa, maana nyuzi za kebo ya winchi huchana ngozi vibaya. Lakini glavu haizuii kilo 800, na karibu na kitu kinachozunguka ndiyo itakayokuvuta ndani.

Hozi ya haidroli ikivuja, usitafute tundu kwa kidole. Mafuta yenye shinikizo hupenya ngozi yakaacha alama ndogo kama ya sindano, na mwanzoni pengine huumii sana. Nenda hospitali saa hiyohiyo, uwaambie ni mafuta ya haidroli, kwani huenda ukahitaji upasuaji wa haraka.

Kidole kikikatika kabisa, kifunge kwa kitambaa safi kilicholoa maji kidogo, kitie kwenye mfuko wa plastiki usioingiza maji, kisha mfuko uuweke juu ya barafu. Kidole chenyewe kisigusane na barafu. Kidonda kikandamize kwa kitambaa, mkono uuinue juu.

Vidole vyangu havikuokolewa. Kusi likivuma, vigutu huuma usiku kucha, na kifungo cha kanzu hadi leo hufungiwa na mke wangu.

Linaloniuma zaidi ni karatasi. Mwajiri alinipa shilingi elfu ishirini, akasema tutamalizana wenyewe, nami nikanyamaza. Sheria ya mafao ya majeraha kazini ya mwaka 2007, ile tunayoiita WIBA, inakupa miezi 12 tangu siku ya ajali kudai fidia. Yangu ilipita nikisubiri simu. Mwajiri akishapewa taarifa, ana siku 7 za kuripoti kwa mkurugenzi wa usalama na afya kazini. Taarifa hiyo yaweza kuwa ya maandishi au ya mdomo, na kama mkono hauwezi kushika kalamu, mwenzako anaruhusiwa kuitoa kwa niaba yako. Mpwa wangu nimemwambia achague mwenzake huyo siku ya kwanza kazini, na ampe namba yangu.