Krismasi ya chuoni Cambridge: mdogo wako asisubiri Desemba 25

Mkuu, umeuliza mdogo wako aliyeanza masomo Cambridge atashinda wapi chuo kikifungwa, na kama hizo ibada na mihadhara wanaruhusu kila mtu. Nilisoma pale na likizo ya baridi nilibaki palepale, kwa hiyo nakujibu kwa niliyoyaona.

Kwanza ajue kalenda. Muhula unakwisha mwanzoni mwa Desemba, wanafunzi wanatawanyika. Ndiyo maana wao husherehekea Krismasi yao Novemba 25, wanaiita Bridgemas. Ibada za nyimbo za Krismasi kwenye koleji, yaani vyuo vidogo vinavyounda chuo kikuu, na milo ya usiku ya kuvaa majoho hurundikana mwisho wa muhula. Akisubiri Desemba ikolee atakuta mageti yamefungwa. Vile vipai vitamu vya zabibu wanavyokula Krismasi, aulize kabla ya kula: vingi vina brandi, vingine mafuta ya ng'ombe. Kwa sisi Waislamu hilo si dogo.

Ile kubwa ni ibada ya King's College, Desemba 24 saa tisa mchana: masomo tisa ya Biblia, nyimbo katikati. Ilianza 1918, wiki chache tu baada ya vita kuu kusimama. Aliyeianzisha, Eric Milner-White, alikuwa ametoka kuwa kasisi wa jeshi, na mpangilio aliuchukua kutoka kanisa kuu la Truro, mji wa kusini-magharibi mwa Uingereza, walikokuwa nao tangu 1880. BBC waliirusha redioni mara ya kwanza 1928. Wimbo wa kwanza huanzwa na mtoto mmoja peke yake, bila kinanda, na haambiwi kuwa ni yeye mpaka dakika ya mwisho! Mimi ni Mwislamu wa Tanga, na pale mtoto alipoanza kuimba nywele zilinisimama. Utaratibu wa kupata nafasi hubadilika, aangalie tovuti ya King's mapema. Akikosa, muhula ukiwa unaendelea kuna ibada za jioni pale zenye kwaya ileile, bila kiingilio. Nyie wa nyumbani fungulieni BBC World Service saa kumi na mbili jioni kwa saa za kwetu. Ile ya kwenye televisheni ni nyingine, hurekodiwa kabla.

Mihadhara ndiyo ningemsukumia zaidi, maana wengi wetu tunaiogopa tukidhani ni ya maprofesa. Taasisi ya Astronomia hufungua milango kwa umma Jumatano usiku majira ya baridi: mhadhara mfupi, kisha mbingu zikiwa wazi mnatoka kuchungulia kwa darubini. Avae koti zito. Januari zinaanza zile za Darwin College, kila Ijumaa saa kumi na moja na nusu jioni, ukumbi wa Lady Mitchell, bure. Zipo tangu 1986, na kila mwaka mada ni moja inayotazamwa na watu wa fani tofauti kabisa. Awahi, viti hujaa.

Desemba 25 yenyewe treni hazitembei nchi nzima, na jua linazama kabla ya saa kumi jioni. Anunue chakula tarehe 23. Akitaka kuona watu, msikiti wa Mill Road, ule wa nguzo za mbao uliofunguliwa 2019, swala tano ziko palepale. Kama ni Mkristo, makanisa ya mjini yana ibada asubuhi. Halafu aulize ofisi ya koleji yake kama kuna chakula cha pamoja kwa wanaobaki. Koleji nyingine huandaa, lakini lazima ujiandikishe kabla muhula haujafungwa.