Maswali yenu ya indemniti: angalia kilichoandikwa, sio ulichodhani

*Indemniti si ndo dhamana tu?*

Hapana, na hili nimeshalijibu mara nyingi jamani. Kwenye dhamana wapo watatu, mkopeshaji, mkopaji na mdhamini. Indemniti ni mimi kukuahidi wewe kwamba hasara ikikupata nitaibeba. Fungueni Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura 345, vifungu vya 76 na 78, havizidi nusu ukurasa.

*Nimepanga ghala, mkataba unasema namkinga mwenye ghala na madai yote. Fundi wake kachomelea ovyo, mzigo wangu na wa wenzangu umeungua, sasa anasema madai ya wenzangu nilipe mimi.*

Usikubali haraka. Kesi ya kampuni ya meli ya Canada Steamship ya 1952 ni kama yako kabisa, ghala la serikali bandarini Montreal, Kanada, mfanyakazi wa serikali anakata chuma kwa moto wa gesi, mali za mpangaji na za watu wengine zikateketea, na serikali ikajificha nyuma ya indemniti kama hiyo. Ikashindwa, kwa sababu kifungu hakikutaja uzembe waziwazi na maneno yake yalikuwa na kazi nyingine ya kufanya. Kwa mahakama zetu kesi hiyo ni ya kushawishi tu, hazilazimiki kuifuata, ila wakili wako aende nayo.

*Nilinunua kampuni, nikakuta wateja walidanganywa, nikaripoti mwenyewe kwa mdhibiti na kuwalipa. Muuzaji anirudishie?*

Nitumie maneno kamili ya kifungu, bila hayo sina jibu! Kampuni ya Capita ya Uingereza walinunua kampuni ya udalali wa bima mwaka 2010, wafanyakazi wakafichua madudu, Capita wakajiripoti, fidia kwa wateja ikafika kama pauni milioni 1.35. Indemniti yao ilitaja hasara zinazotokana na madai au malalamiko kwa mdhibiti, na hakuna mteja aliyekuwa amelalamika. Mahakama ya Juu ya Uingereza 2017 ikawaambia hawalipwi. Walikuwa na waranti za muuzaji pia, yaani ahadi zake kuhusu hali ya kampuni, ila muda wake wa miaka miwili ulishapita, kwahiyo na wewe angalia tarehe zako leo leo.

*Naweza kukopi mkataba wa mtandaoni?*

Usithubutu, unaweza kusaini hasara ya mtu usiyemjua.

*Mteja kanishtaki, nimlipe yaishe halafu nimdai aliyeniahidi indemniti?*

Mpe taarifa kwanza huyo aliyekuahidi, kwa maandishi. Kifungu cha 77 cha Sheria ileile ya Mikataba kinakuruhusu kudai ulicholipa kwenye maridhiano, lakini sio kama umelipa kinyume na maelekezo yake, na pia yawe maridhiano ambayo mtu makini angeyafanya hata kama hana indemniti.